Mguu wa Kushoto wa Bram

Alida Hoekstra alikuwa jirani yangu kwa miaka mingi, na sikumbuki hata siku moja aliyokubali neno la mtu mara ya kwanza. Ukimwambia mvua inakuja, alitoka nje kutazama mwenyewe. Ukimwambia tayari inanyesha na nguo zake ziko kwenye kamba, alitaka kwanza kujua wewe una faida gani na nguo zake. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wala si kwa unyenyekevu: alitaka awaone wote bila yeye kuonwa. Mchungaji akituomba tufumbe macho, Alida aliyaacha wazi. Nalijua hilo kwa sababu Jumapili moja niliyafumbua yangu nikageuka nyuma, nikamkuta ananitazama kama askari wa mpakani.

Tulikaa kwenye barabara moja ya changarawe kusini mwa Ontario, mimi na ng'ombe wangu wachache, yeye na sungura wake. Mimi pia nilifuga sungura, ila wangu walikuwa wa sufuria, na Alida hakuwahesabu kuwa sungura. Wake walikuwa wa maonyesho: wakubwa, wanazaliwa weusi, kisha manyoya yanageuka rangi ya fedha kadiri wanavyokua. Ukoo ule aliuanzisha mumewe, Wiebe, na Wiebe alipofariki Alida aliulinda kama mboni ya jicho. Chama chetu cha wafugaji kinataka kila sungura achorwe namba ya wino ndani ya sikio. Alida aliichora, kisha akaongeza nukta yake ya siri chini ya mkia, maana alikuwa na hakika kuna watu wanaobadilishia wenzao sungura wakienda msalani. Kwenye maonyesho ya vuli sisi wengine tulikwenda kunywa kahawa. Yeye alibaki kwenye kiti chake cha kukunja, magoti yamegusa kizimba, akimumunya pipi zake nyeusi za chumvi ambazo hakuna mwingine kati yetu aliyeziweza.

Shaka ile haikuota yenyewe. Alizaliwa Uholanzi, na alikuwa mtoto mdogo majira yale ya baridi ya njaa, mwisho wa vita. Mama yake alitoa shuka zake za harusi kwa mwanamume mmoja mlangoni, akapewa sungura aliyekwisha kuchunwa, hana kichwa wala miguu. Wakampika, wakala, wakalamba na chungu. Siku chache baadaye jirani akaanza kumwita paka wake uchochoroni, na paka hakuja. Mama yake alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwenye gunia hakukuwa hata na mbuzi. Alida aliniambia nyama ilikuwa tamu na hajutii kuila. Kilichomkaa rohoni ni jinsi yule mtu alivyompapasa kichwani akitabasamu. Tangu hapo mtu akimchekea, Alida alianza kujiuliza kichwa na miguu viko wapi.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa hilo tungemsamehe. Lakini nyoka alimtafuna tena. Kulikuwa na daktari wa mifugo mjini, mzee ambaye sasa ni marehemu, na Alida alimpelekea sungura jike mwenye jipu la jino. Akamtia nusukaputi, akamaliza kazi yake, akamrudisha amefungwa blanketi, akasema, "Subiri, ataamka." Alida akasubiri, sungura yuko mapajani, mpaka akahisi joto linamtoka. Mwaka uliofuata ikawa vilevile na jike mwingine, blanketi lilelile, neno lilelile. Alida alishikilia kwamba yule mzee aliacha hewa ya kulaza wazi akaenda kupokea simu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Sungura ni mnyama anayekufa upesi kwa nusukaputi hata mikononi mwa waangalifu. Mimi nilichokiona ni kwamba tangu siku ile ukimwambia Alida asubiri, ni kama umemtukana.

Basi tuje kwa Bram.

Bram alikuwa dume, na alikuwa dume la mwisho la ukoo wa Wiebe duniani. Nasema duniani kwa sababu Alida, katika miaka yote ile, hakuwahi kumuuzia mtu dume hata mmoja. Majike aliuza kwa shida. Madume aliyachinja kuliko kuyauza, akiamini kwamba atakayelinunua atarudi nalo kwenye maonyesho kumshinda. Mimi mwenyewe niliomba mmoja, nikaulizwa nimetumwa na nani. Halafu kipupwe kimoja maradhi ya tumbo yakapita bandani mwake, yakafagia. Wakabaki majike wawili na Bram. Ilikuwa wapandishwe mara theluji itakapoyeyuka, na theluji ilipoyeyuka Bram akaingiza mguu wa mbele wa kushoto kwenye pengo la waya sakafuni mwa kizimba, akapaparika, ukavunjika chini ya kiwiko.

Alida hakuwa anaendesha gari. Alisema breki hutengenezwa na watu. Nikampakia yeye na Bram kwenye pikapu yangu, tukaenda chuo cha udaktari wa mifugo, mwendo wa saa moja na zaidi. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa yote miwili imekatika na ncha zake zimepishana. Tuliyempata alikuwa Daktari Odile Nadeau, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa kaskazini kwenye migodi. Alizungumza taratibu na hakutabasamu ovyo, jambo ambalo lilimsaidia sana.

Akatueleza kwamba banzi halitashika mguu kama ule. Panatakiwa bamba dogo la chuma na skrubu. Alida akauliza nani atakayeshika hewa ya kulaza. Daktari akasema hewa atampa kidogo tu, ya kumfumba macho. Maumivu atayazuia kwa njia nyingine: atautia ganzi mguu wenyewe, kwa kuzifuata neva zake kwapani, kabla hazijatawanyika.

"Nionyeshe," akasema Alida.

"Nikuonyeshe nini, Bi Hoekstra?"

"Hizo neva. Siwezi kukubali uchome kitu ambacho sijakiona."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini yule daktari alitazama saa yake akasema aje kesho asubuhi. Bram akalazwa chuoni na dawa ya maumivu, na mimi nikasikiliza njia nzima ya kurudi kwamba hakuna daktari anayekubali haraka namna ile kama hana lake jambo.

Kesho yake Alida alikuja na mmoja wa sungura wangu wa sufuria, aliyemchinja mwenyewe alfajiri, amefungwa kwenye taulo la jikoni. Daktari akasema chuo kina wake kwenye jokofu. Alida akasema huyo wa kwenye jokofu hamjui. Basi akalazwa yule wa taulo juu ya meza, Daktari Nadeau akavaa glovu, akauvuta mguu wa mbele pembeni na kufungua ngozi ya kwapa.

Kila mfugaji anajua kwamba mguu wa mbele wa sungura haukufungwa na mwili kwa kiungo cha mfupa kama ule wa nyuma. Umeshikwa na nyama tu, ndiyo maana hauhitaji nguvu. Unapitisha kisu, unatoka. Alida alikuwa amepitisha kisu pale maisha yake yote. Daktari akasogeza misuli kwa koleo lake dogo, akainua nyuzi nyeupe zilizolala kando ya mshipa wa damu.

"Mimi nilidhani hizo ni kano," akasema Alida.

Daktari akamwambia wengi hudhani hivyo. Akatuonyesha zinakotoka: chini ya shingo, na nyingine karibu na ubavu wa kwanza. Zikifika kwapani zinasukana pamoja kama ukili, kisha zinaachana tena, kila moja na njia yake. Huu uzi mnene unazunguka nyuma ya mfupa wa juu; ndio unaonyoosha kiwiko na kuinua kiganja. Hizi mbili zinashuka pamoja upande wa ndani. Zinakunja vidole, na ndizo zinazoleta habari za vidole. Huu mwembamba unakunja kiwiko. Dawa ikiwekwa hapa zikiwa bado pamoja, mguu unanyamaza kuanzia kiwikoni kushuka, na moyo wa mnyama haupati taabu ya hewa nyingi.

"Na ukikosea?" Alida akauliza.

"Mshipa mkubwa wa damu uko hapa kando. Pafu liko nyuma ya ubavu huu. Kwa hiyo siendi kwa kubahatisha. Sindano naiona kwenye kioo cha mashine, na nina umeme mdogo kwenye ncha yake. Ikikaribia neva, mguu unaruka, najua nimefika."

"Yaani unasimama hapo, unaniambia kwa mdomo wako kwamba unaweza kumtoboa pafu."

"Umeniuliza, Bi Hoekstra."

Alida akanyoosha mkono akachukua lile koleo, akaziinua nyuzi moja moja mwenyewe, akitaka aambiwe tena hii ni ipi na ile inafanya nini, mpaka akaweza kuzitaja bila kukosea. Daktari hakumharakisha. Nikajiambia moyoni, leo Alida amekutana na mtu wa kumwamini. Tulipofika kwenye korido Alida akanishika mkono wa shati.

"Kwa nini amenionyesha vizuri hivyo?" akaninong'oneza. "Mtu anayekuonyesha mlango wa mbele, uliza wa nyuma umefungwa kwa nini."

Upasuaji ulifanywa asubuhi ile ile. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa la kioo, la wanafunzi, na Alida alisimama pale, paji la uso limegusa kioo, mpaka pumzi yake ikakitia ukungu na akawa anakifuta kwa leso. Bram alilala ubavu, amenyolewa kwapa, anaonekana mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani. Daktari akaingiza sindano huku akitazama mashine. Mara vidole vya Bram vikaruka, vikaruka tena.

"Anasikia," Alida akasema. "Ona mguu. Wanamchoma hali anasikia."

Nikamkumbusha habari ya umeme. Akasema naam, ni kisingizio kizuri sana hicho, mnyama akiruka unasema ni umeme. Pale daktari akaitoa sindano, akaitazama, akamwegemea msaidizi wake akasema neno ambalo hatukulisikia. Msaidizi akatikisa kichwa, akaleta bomba jingine la sindano. Sindano ikaingia mara ya pili.

"Umeona?" akasema Alida.

"Nimeona migongo ya watu," nikamjibu.

"Amekosea, Murdo. Na yule mwingine anajua."

Bram aliamka. Hilo ningependa likumbukwe. Aliamka mapema kuliko nilivyodhani, akainua masikio, na kabla ya adhuhuri alikuwa anatafuna majani mabichi. Mimi nilikaribia kulia, mzee mzima. Daktari Nadeau akamleta kwetu mwenyewe, amemvisha kola ya plastiki shingoni, mguu umefungwa bandeji na vidole vimeachwa nje. Akatuambia bamba limekaa sawa. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaharibu kila kitu.

Alisema kwamba sindano ya kwanza alipoivuta aliona damu kidogo kwenye bomba, basi akaitoa, akaingia tena pembeni. Ni jambo la kawaida. Dawa aliyotumia ni ya kudumu, kwa hiyo mguu utakaa umekufa ganzi mpaka usiku. Asipouhisi leo, tusishtuke. Asipouhisi kesho asubuhi, tumpigie.

"Kwa hiyo kuna uwezekano asiuhisi kesho," akasema Alida.

"Ni nadra sana."

"Lakini upo."

"Upo," akasema daktari.

Alida akanigeukia. Uso wake ulikuwa na ile furaha chungu ya mtu aliyemkamata mwizi na mkono ndani ya mfuko. Daktari alitaka Bram alale chuoni usiku mmoja. Alida akakataa katakata: mbwa wanabweka vyumba vya pili, sungura akisikia mbwa hali, asipokula tumbo linasimama. Katika hilo alikuwa na haki, na daktari alijua, basi akakubali kwa masharti. Kola isitolewe mpaka mguu upate fahamu, kwa sababu sungura asiyehisi vidole vyake huweza kuviona kama kitu kigeni akaanza kuvitafuna. Naye atapiga simu jioni kabla ya kuondoka kazini. Alida akasema, "Haya, binti," kwa sauti ambayo aliitumia pia kwa wauza bima.

Hatujatoka kwenye maegesho, kola imeshatupwa chini ya kiti.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema mimi ninafuga sungura lakini sijui kufuga sungura. Sungura hujigeuza akala tena kinyesi chake laini kinapotoka, na huo ndio uhai wa tumbo lake. Mvishe kola, hafiki. Kila mfugaji wa barabara yetu angetoa kola ile. Mimi pia ningeitoa, ila ningengoja mpaka kesho. Nilimwambia hivyo, na sehemu iliyobaki ya safari tulisikiliza redio.

Nyumbani tukamweka Bram kwenye majani makavu bandani. Alijaribu kutembea. Kiganja kikajikunja chini yake, akakanyagia mgongo wa vidole, akaangukia kidevu. Akajaribu tena, akaanguka tena. Kisha akakaa, akauinamia ule mguu, akaanza kulamba vidole. Alida akapiga goti, akakibana kidole kimoja kwa kucha zake. Bram hakutikisika. Akabana kwa nguvu zaidi. Sungura akaendelea kumtazama kwa jicho lile lao la pembeni, kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine.

"Ameukata," akasema Alida. "Ule uzi mnene. Sindano ya kwanza, ile yenye damu."

Nikamwambia daktari alisema mpaka usiku, na jua lilikuwa bado juu ya paa la banda langu. Alida akanisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Zamani, Wiebe angali hai, kulikuwa na jike lililobanwa mguu na lango. Mfupa haukuvunjika, ila mguu ukafa, haukusikia tena. Wakalala. Walipoamka lilikuwa limejitafuna vidole mpaka mfupa, na lilikuwa bado linatafuna, bila kelele, kama linalokula karoti. Alida ndiye aliyelikuta.

Wakati anasimulia, Bram aliacha kulamba akaanza kung'ata.

"Mvishe kola, Alida."

"Imebaki kwenye gari lako, na ibaki huko huko."

"Basi mshike mapajani asijing'ate. Subiri giza liingie. Ni hilo tu."

Alinitazama kama nimemtemea mate. "Hilo neno usinitajie ndani ya banda hili."

"Mshike tu mpaka usiku."

"Nimeshashika wawili namna hiyo, Murdo."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilikuwa nimeendesha kutwa, sijala, na nimechoka kuwa shahidi wa kesi zisizo na mshtakiwa. Nikamwambia kwamba yeye angekuwepo siku Mungu anaumba dunia angeomba risiti. Akasema angeomba, na kwamba dunia ingekuwa na hali nzuri zaidi. Nikatoka kwenda kuifuata ile kola, lakini ng'ombe wangu walinisikia wakaanza kulia kwenye ua, nikaona niwape kwanza chakula chao, halafu nirudi nayo.

Niliporudi na kola mkononi, Bram hakuwa kwenye majani. Alida alikuwa kwenye chumba cha kuchinjia nyuma ya banda, amevaa aproni yake ya mpira. Bram alikuwa mezani, amelala, shingo yake imekwisha kuvunjwa. Ilifanywa vizuri; Alida alikuwa na mkono mwepesi kwa kazi ile kuliko mfugaji yeyote ninayemjua, na nina hakika Bram hakuhisi kitu. Sungura mlemavu haachwi ateseke. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tunayofundishwa tukiwa watoto tunapoingia kwenye chama, na Alida hakuwahi kuivunja, hata kwa huyu.

"Alikitoa damu kidole," akaniambia. "Siwezi kumtazama anajila."

Niliweka kola juu ya ndoo.

"Usikae mlangoni," akasema. "Njoo uwe shahidi. Nataka uone walichomfanyia, kabla hawajasema mimi ni mwendawazimu."

Akauvuta mguu wa kushoto pembeni, akafungua kwapa kwa kisu chake kidogo. Alifanya taratibu, kama alivyoonyeshwa, akisogeza misuli badala ya kuikata. Kulikuwa na damu iliyoganda kando ya mshipa, kiasi cha punje ya dengu.

"Hii hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa na ushindi.

Akaifuta kwa kidole gumba. Chini yake nyuzi zililala nyeupe, zinang'aa kwa mwanga wa dirishani. Akaingiza ncha ya kisu chini ya ule mnene, upande butu, akauinua. Akaufuata unavyozunguka nyuma ya mfupa wa juu, akichambua nyama pole pole, mpaka chini kwenye bamba la chuma. Bamba lilikuwa limenyooka, skrubu zimekaa sawa, na uzi ulipita kando yake bila mkwaruzo.

"Huu mzima," akasema.

Akarudi kwapani. Akazichukua zile mbili za ndani, akazifuata mpaka kwenye kiganja. Akasema hizi nzima. Akauchukua ule mwembamba wa kiwiko. Nikauona mwenyewe kuwa nao ni mzima. Akaanza upya kutoka shingoni. Nikamwambia, "Alida, basi." Hakuacha. Alizipitia zote mara ya pili, na nilijua hatafuti tena walipokata. Alikuwa anatafuta hata jeraha dogo tu ambalo lingemwezesha kulala.

Ng'ambo ya ubao wale majike wawili walikuwa wakitafuna nyasi zao. Nilimhurumia, na wakati huo huo ningeweza kumtikisa kwa mabega. Nje kulikuwa bado kweupe kabisa, watoto wa jirani wanacheza mpira wa magongo barabarani.

Simu ya ukutani ikalia. Alida akaipokea bila kunawa. Alikuwa mzito wa masikio na simu ile alikuwa ameifungulia sauti mpaka mwisho, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Bi Hoekstra, ni Odile Nadeau. Nataka kutoka sasa, nikasema kwanza niulize. Ameanza kuukanyagia?"

Alida alisimama wima, mkono wa pili umeshika ukingo wa meza.

"Neva zako ni nzima, Daktari," akasema. "Zote. Nimeziona kwa macho yangu."

Nilimsikia yule binti akivuta pumzi.

"Umezionaje, Bi Hoekstra?"

Alida akamwambia.